Baharia ni Baharia, hata Akishika Sahani



Neno moja limeulizwa sana na vijana wa visiwa vya Lamu, hasa wa upande wa Kiwayu, Ndau na Kizingitini. Wanauliza: hii kazi ya meli za watalii, zile zinazozunguka bahari kuu miezi na miezi zikipita visiwa vya mbali, ni kazi ya namna gani? Je, ni neema au ni mtego? Wazee nao wanauliza, maana hapana mzazi apendaye kumtoa mtoto wake pwani asijue anakokwenda.

Leo twajibu. Jibu letu ni hili: ni kazi halali, na kijana wa Kiwayu aweza kuifanya vizuri kuliko wengi, lakini asikubali hata siku moja kuambiwa kwamba yeye si baharia. Mpishi, dobi, mfagiaji, mhudumu wa meza na mpiga gitaa, wote ni mabaharia mbele ya sheria. Mtu asiyelijua jambo hili hunyang'anywa haki zake huku akishukuru.

Kiwayu chajulikana na kila mtu wa visiwani. Ni kisiwa chembamba, kirefu, chenye bahari kuu upande mmoja na mkono wa bahari upande wa bara. Vijiji vyake ni viwili, Kiwayu na Chandani. Watu wake ni Wabajuni, watu wa chombo na nyavu, na babu zao walisafiri kwa mitepe iliyoshonwa kwa kamba bila msumari mmoja. Maji ya kunywa ni ya kuhifadhiwa, mvua ikinyesha ikaingia katika jabia. Kazi ni uvuvi wa samaki na wa kamba, na zamani kidogo ilikuwako kazi ya hoteli.

Lakini kazi hizo zimepata misukosuko. Mwezi Septemba 2011 majambazi waliivamia hoteli iliyoko bara, ng'ambo ya kisiwa, wakamwua mgeni mmoja Mwingereza na kumchukua mkewe mpaka Somalia. Hoteli ile ikafungwa, na wafanyakazi wake wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kisha kwa sababu za usalama wavuvi wakazuiliwa kwa miaka kadhaa wasivue usiku, na kila mvuvi ajua hasara ya usiku uliopotea. Baadaye ikaja bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa mwezi Mei 2021, na ujenzi wake ukaharibu sehemu za kuvulia. Mahakama Kuu ya Malindi ilihukumu mwezi Aprili 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na malipo yenyewe yakakawia miaka. Basi tusishangae kijana wa Kiwayu akiitazama meli nyeupe inayopita mbali na kusema: heri niwe ndani yake kuliko kuitazama.

Wako watu wasemao kwamba hapana haja ya kijana kuondoka, maana meli zikizidi kuja, fedha zitashuka zenyewe pwani. Sisi hatukubali upesi hivyo. Tazameni meli yenyewe ilivyo. Abiria hula ndani, hulala ndani, hucheza ndani, hununua dukani mwa meli, na hata maji ya kuoga hutengenezwa na mitambo ya meli kutoka maji ya chumvi. Meli kubwa hutumia mamia ya tani za maji kila siku, na hapa kisiwani watu wanahesabu ndoo za jabia. Meli ikitia nanga mbele ya kisiwa kidogo, abiria huteremshwa kwa mashua za meli yenyewe, hutembea saa mbili au tatu, hupiga picha, kisha hurudi melini kula chakula cha mchana. Kinachobaki pwani ni bei ya vikapu viwili vitatu, na bakshishi ya mwongozaji. Hatudharau fedha hizo, lakini haziwezi kulisha kijiji.

Fedha ya kweli iwezayo kufika Kiwayu kutoka meli ya namna hiyo ni mshahara wa mtoto wa Kiwayu anayefanya kazi ndani yake. Kwa hiyo suala la mshahara na saa za kazi melini si suala la mtu mmoja. Ni fungu la kijiji kizima.

Sasa tuseme kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wameona picha za abiria tu.

Siku ya meli huanza usiku. Waokaji mikate wako jikoni tangu saa tisa au saa kumi ya alfajiri. Madobi wako chini kabisa, mahali pasipo dirisha, katika joto na kelele, na mashuka na taulo za watu elfu mbili au elfu tatu hazina siku ya mapumziko. Wa chumba cha mitambo na wa ulinzi wa sitaha hufanya zamu, saa nne kazini na saa nane nje, mchana na usiku. Mtumishi wa vyumba husafisha vyumba vyake mara mbili kwa siku, asubuhi abiria wakienda kula na jioni wakienda tena kula. Mhudumu wa meza huandika meza, hulisha, huondoa, huandika tena. Wafanyakazi hulala chini ya sitaha za abiria, mara nyingi watu wawili katika chumba kimoja kidogo, na chumba hicho ndicho nyumba yao kwa miezi sita, nane au tisa.

Siku ya bandari, ambayo abiria huiita siku ya kutembea, kwa wafanyakazi mara nyingi ni siku ya kazi mbili, maana pana kushusha watu, kupandisha mizigo, na kufanya mazoezi ya moto na ya mashua za kuokolea. Siku ya kuwaaga abiria wa zamani na kupokea wapya ndiyo nzito kuliko zote. Vyumba vyote husafishwa kwa saa chache, na jioni mfanyakazi yule yule asimame mlangoni akitabasamu kama aliyelala siku mbili.

Tena iko hila ya saa ambayo watu wa pwani hawaifikiri. Meli ikitoka Mombasa kwenda Shelisheli, saa husongezwa mbele kwa saa moja, maana huko wametutangulia. Abiria hupoteza saa moja ya usingizi, asubuhi huamka atakapo. Mwokaji hupoteza saa moja, na mkate watakiwa wakati ule ule. Safari ndefu iendayo mashariki kupitia visiwa vya bahari kuu huzila saa hizi moja moja, na kila moja yatoka katika usiku wa mfanyakazi.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Kazi ngumu twaijua. Mtu aliyevuta jarife akiwa katika maji ya shingo hawezi kutishwa na ndoo na ufagio. Tena melini mtu hujifunza lugha na ufundi, huona dunia, na hupata rafiki kutoka Ufilipino, India, Indonesia na kwingineko. Tunachokisema ni kwamba kazi ngumu yataka hesabu iliyo wazi.

Hapo twapenda tukumbuke desturi yetu wenyewe. Katika vyombo vyetu vya uvuvi mapato hugawanywa mafungu. Gharama za safari hutolewa kwanza, kisha chombo kina fungu lake, nahodha lake, na mabaharia yao. Desturi hutofautiana chombo kwa chombo, na ugomvi hauko mbali. Lakini samaki hushushwa mbele ya macho ya wote, mizani iko mbele ya wote, na mtoto wa miaka kumi aliyesimama pwani aweza kusema kama nahodha amepunja au hakupunja.

Tusije tukaupamba ulimwengu wa majahazi kupita kiasi. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Wakuwaiti lililokuja na kaskazi kutoka Uarabuni mpaka pwani yetu, likafika Unguja na Rufiji kuchukua boriti, kisha likarudi Kuwait. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Aliona mabaharia wakiimba kazini, lakini aliona pia kwamba wengi wao walikuwa wamefungwa na deni. Walichukua fedha kwa nahodha kabla ya safari ili wake na watoto wapate kula, na fungu la mwisho halikutosha kulipa. Mwaka uliofuata iliwapasa kusafiri tena kwa yule yule. Basi deni la kabla ya safari ni mnyororo wa zamani sana katika bahari hii. Lakini mnyororo huo haujafa, nasi tutaueleza.

Sheria inayowalinda mabaharia wa leo yaitwa Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006. Ulipitishwa Geneva katika Shirika la Kazi Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama tangu mwaka 1964. Ulianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, na Kenya ikauridhia mwaka 2014. Ndugu, shikeni mambo manne ya mkataba huu kama mnavyoshika majina ya pepo.

La kwanza, baharia ni nani? Mkataba wasema ni mtu yeyote aliyeajiriwa au afanyaye kazi katika cheo chochote ndani ya meli inayohusika. Haukusema mshika usukani peke yake, wala fundi wa mitambo peke yake. Kwa hiyo anayekunja mashuka ni baharia kamili.

Kama yuko mtu anayecheka neno hili, na akumbuke meli ya Oceanos. Meli hiyo ya watalii, mali ya Wagiriki, ilizama tarehe 4 Agosti 1991 katika dhoruba kwenye pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Nahodha aliondoka kwa helikopta abiria wengi wakiwa bado ndani. Waliobaki kupanga watu, kuita msaada katika redio na kuwafunga abiria kamba za helikopta mmoja mmoja walikuwa watumbuizaji wa meli, na mmoja wao ni mpiga gitaa aitwaye Moss Hills. Watu wote 571 waliokolewa. Siku ile nani alikuwa baharia? Sheria yataka kila mfanyakazi wa meli ajue mahali pake siku ya hatari, na mhudumu wa meza hupewa mashua yake ya kuokolea kama wengine. Akiwa baharia siku ya hatari, na awe baharia pia siku ya mshahara.

La pili, saa za kupumzika. Kila nchi ya bendera huchagua njia moja kati ya mbili: ama saa za kazi zisizidi 14 katika siku na 72 katika siku saba, ama saa za kupumzika zisipungue 10 katika siku na 77 katika siku saba. Mapumziko yaweza kugawanywa mara mbili tu, si zaidi, na sehemu moja iwe ya saa sita au zaidi. Vituo vifupi vya kunywa chai havihesabiwi kuwa mapumziko. Mapatano ya chama yaliyokubaliwa na serikali ya bendera yaweza kutoa nafasi maalum, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kutaka chama kiwepo mezani.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni mhudumu wa meza anayeanza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Hizo ni saa nne. Anarudi saa tano mpaka saa tisa. Hizo ni nne nyingine. Anarudi saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku. Hizo ni sita. Jumla 14. Msimamizi atamwambia: umepumzika saa kumi, sheria imetimia. Je, imetimia? Tazameni tena. Saa kumi zile zimekatwa vipande vitatu, moja, mbili na saba, na sheria yataka viwili tu. Tena akifanya hivyo siku saba, amefanya kazi saa 98 ambapo mwisho ni 72, na amepumzika saa 70 ambapo yatakiwa 77. Kila siku hesabu yaonekana nzuri, na juma zima ni dhuluma. Ndiyo maana twasema kijana asiyejua kujumlisha asipande meli kabla hajajifunza.

La tatu, karatasi. Orodha ya saa za kazi lazima ibandikwe mahali watu waonapo, kwa lugha ya kazi ya meli na kwa Kiingereza. Saa za kila siku lazima ziandikwe, na baharia apewe nakala yake iliyotiwa sahihi na nahodha au mtu wake, na baharia mwenyewe. Hapa ndipo hila kubwa ilipo. Katika meli nyingine daftari huandikwa kufuata sheria na kazi hufanywa kufuata msimamizi. Kijana mchovu huletewa karatasi mwisho wa mwezi na kuambiwa, tia sahihi, wenzako wote wametia. Akitia sahihi, ameshuhudia mwenyewe kwamba alilala alipokuwa akifagia. Hata mkaguzi mwema akija, atafanya nini na karatasi iliyo safi?

La nne, ada ya kupata kazi. Mkataba wakataza wakala kumtoza baharia fedha kwa kumpatia kazi. Gharama ambazo baharia aweza kulipa mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Chakula melini ni bure kwa muda wote wa kazi. Nauli ya kurudishwa nyumbani mkataba ukimalizika ni juu ya mwenye meli. Tangu mwaka 2017 mwenye meli lazima awe na bima au dhamana ya kumrudisha baharia aliyetelekezwa, na ya kumlipa mshahara aliokuwa akidai mpaka miezi minne. Baharia aliyekaa miezi miwili bila mshahara huhesabiwa kuwa ametelekezwa.

Sasa mnaona lile deni la zamani limerudi kwa nguo mpya. Yuko wakala, jina lake hatulitaji, aliyewaambia vijana watangulize fedha nyingi za kuwekewa nafasi. Wazazi wakauza mashua, wengine wakakopa. Kijana aliyeanza kazi na deni la namna hiyo hawezi kukataa kutia sahihi karatasi ya uongo. Hawezi kulalamika akiumwa mgongo. Miezi yake mitano ya kwanza ni ya mkopeshaji, na fungu la Kiwayu limekwisha kuliwa Mombasa kabla meli haijang'oa nanga.

Twajua hoja ya upande wa pili, nasi hatutaificha. Wako wasemao: mpeni kijana kazi kwanza, haki zitafuata, mkifanya maneno mengi, wenye meli watachukua watu wa nchi nyingine. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wenye meli wengi hupandisha bendera za Panama, Bahamas, Malta na nchi nyingine wasizokaa, na huchukua wafanyakazi popote watakapo. Ndiyo maana tangu mwaka 1948 shirika la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, limepigana na desturi hiyo ya bendera za kukodi. Lakini hoja hiyo ina kasoro. Hao Wafilipino, Wahindi na Waindonesia mnaoambiwa watachukua nafasi yenu wana vyama vyao, na mkataba wa 2006 unawalinda wao kama unavyotulinda sisi. Anayetuambia tujishushe bei ili tupate kazi, kesho atamwambia Mfilipino maneno hayo hayo akituonyesha sisi.

Tena kijana wa Kiwayu haendi kuomba sadaka. Anaijua bahari tangu utoto. Hapati kichefuchefu upesi, ajua kufunga kamba, ajua kutii nahodha na kukaa na watu mahali padogo bila fitina. Katika meli, hizo ni mali. Aziuze kwa bei yake.

Wengine watasema pia: mambo haya ni ya siku nzuri, je, siku ya taabu nani huyakumbuka? Tuyatazame basi ya mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia. Meli ya Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, mwezi Februari, ikiwa na watu 3,711, na kati yao wafanyakazi walikuwa 1,045. Abiria walifungiwa vyumbani. Wafanyakazi waliendelea kupika na kupeleka sahani mlango kwa mlango, kisha wakarudi kulala wawili wawili katika vyumba vyao. Watu zaidi ya 700 waliambukizwa. Baadaye mwaka huo huo abiria wa dunia nzima walikwisha rudi makwao, lakini mabaharia wa meli za kila aina wapatao 400,000 walikwama baharini mikataba yao ikiwa imekwisha, maana bandari zilifungwa. Vyama vya mabaharia ndivyo vilivyopiga kelele katika kila nchi mpaka watu wakaanza kubadilishwa. Baharia asiye na chama siku ile alikuwa na nani wa kumwandikia barua?

Kwa hiyo twasema haya, na tunaomba yasomwe kwa sauti vijijini, msikitini baada ya sala kama wazee wataridhia, na katika mabaraza ya wavuvi.

Kwa vijana, wa kike na wa kiume. Msilipe ada ya kupewa kazi. Wakala akitaka ada, ondokeni, mkaulize kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Mombasa kama wakala huyo ana leseni. Someni mkataba wote kabla ya kutia sahihi, mkatazame mshahara ni kiasi gani bila bakshishi, maana bakshishi si mshahara. Abiria wakipungua nayo hupungua. Melini, kila mmoja awe na daftari lake dogo, aandike kila usiku ameanza saa ngapi, ameacha saa ngapi, na amelala saa ngapi. Daftari la senti chache limeshinda kesi kubwa zaidi ya kelele. Msitie sahihi karatasi ya saa ambazo hamkulala. Sheria inataka meli iwe na njia ya kupokea malalamiko ndani yake, tena yakataza mtu kuadhibiwa kwa kulalamika. Na baharia ana haki ya kulalamika pia katika bandari ifuatayo. ITF wana wakaguzi katika bandari nyingi, na Mombasa ni mojawapo.

Kwa wazazi. Msiuze chombo kumnunulia mtoto kazi. Chombo ndicho mahali pake pa kurudia. Nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki nyumbani, mahali pasipoingia mvua wala mchwa, na jina la meli na la bendera yake liandikwe. Mtoto akinyamaza miezi miwili, karatasi hiyo itasema kwa niaba yake.

Kwa serikali, ya taifa na ya kaunti. Twataka kila wakala aeleze mkataba kwa Kiswahili kabla ya sahihi, mbele ya shahidi. Twataka mafunzo ya usalama wa baharini yasiwe ya watoto wa Mombasa peke yao. Kutoka Kiwayu mpaka darasani ni mashua ya kungoja maji yajae, kisha basi la siku nzima, kisha chumba cha kupanga. Kijana anayejua bahari kuliko mwalimu wake hushindwa na nauli tu. Tena meli za watalii zikiingia bandari zetu, wakaguzi wasitazame mitambo na maboya peke yake. Washuke chini kwa madobi, waulize: jana ulilala saa ngapi? Kisha walinganishe jibu na daftari.

Kwa wanachama wetu wa bandarini, makarani na mahamali. Mwaka 1947 Mombasa nzima ilisimama siku nyingi kwa sababu mfanyakazi mmoja mmoja alikuwa amechoka kusema peke yake. Nanyi ndio mnaoziona meli hizi zikifunga kamba. Mkimwona mfanyakazi wa meli ameshuka kwa nusu saa akitafuta simu ya kupigia nyumbani, mwonyesheni njia ya ofisi ya chama, awe Mkenya au mgeni. Leo ni mtoto wa Manila, kesho ni mtoto wa Chandani katika bandari ya watu.

Wavuvi wa Lamu hawakuipata hukumu ya 2018 kwa sababu mtu mmoja alilia kwa sauti kubwa. Waliipata kwa sababu walikwenda pamoja wakiwa na hesabu mkononi. Twataka watoto wao waende baharini vivyo hivyo. Waende wakijua saa zao, mshahara wao na jina lao mbele ya sheria, na fungu lao lifike Kiwayu zima, likihesabiwa pwani mbele ya macho ya wote kama samaki wanavyohesabiwa.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa Chama.